Salamu Zilizommaliza Pumzi Mzee wa Lozells

Walisema nitakwenda Uingereza kumpikia mke wangu ugali. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye aliyelisema waziwazi siku tulipoandaliwa chakula cha kutuaga nyumbani Voi. "Dada yangu ni muuguzi, ameitwa na hospitali," alisema. "Wewe umeitwa na nani?" Watu wakacheka. Mjomba wangu, aliyekuwa akishughulika na mfupa wa mbuzi, akauweka chini ili aongeze yake: kwamba diploma yangu ya tiba ya viungo ikifika Birmingham itafaa kufungia maandazi, ila huko hata maandazi hakuna.

Nilicheka pamoja nao, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Suti niliyovaa ilikuwa ya huyo shemeji. Sanduku lililosimama mlangoni, limejaa nguo zangu, lilikuwa la huyo mjomba. Mtu aliyevaa suti ya kuazima hajibu sana.

"Suti uniletee na vifungo vyake vyote," shemeji aliniambia akinigonga begani.

"Na sanduku usinirudishie tupu," mjomba akasema.

Nayaandika haya nikiwa katika chumba changu cha tiba ya viungo, hapa hapa Voi, chenye vitanda vyangu na kibao changu nje. Sikuachiwa na baba wala sikushikwa mkono na mwanasiasa. Nilijitengeneza mwenyewe, nasema bila haya, na ndiyo maana nilitaka kila kitu nilichoazimwa njiani kirudi kwa mwenyewe. Sikutaka mtu abaki na kipande changu mfukoni, akitoe siku ya sherehe kuwaonyesha wageni.

Tulifika Birmingham mwishoni mwa Novemba, tukapanga orofa ya juu Lozells, katika mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana kama mabehewa. Mke wangu alianza kazi wiki ile ile. Mimi nilitoka na suti ya shemeji kwenda kutafuta yangu, na kabla sijafika kituo cha basi masikio yalikuwa hayapo tena. Niliingia duka la kwanza nililoliona ili nijifiche baridi. Kumbe nimeingia Kenya. Kulikuwa na unga wa mahindi, majani ya chai ya kwetu, ndizi mbichi, na nyuma ya kaunta mzee mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina.

"Kijana," akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani, "unakwenda harusini?"

"Natafuta kazi, Mzee."

"Kwa suti hiyo utafika umeganda, wakuweke kwenye friza."

Alikuwa Msomali aliyelelewa Garissa, akauza vitambaa Nairobi, akapitia Uholanzi, akaishia Lozells. Aliniuliza mimi ni wa wapi, baba yangu yu hai, mama hajambo, mke anafanya nini, nyumba ina joto, mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Yote hayo huku wateja wawili wakisubiri. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndivyo alivyo. Wakongo, Watanzania na Wakenya walikutana kwake kila mmoja na Kiswahili chake, na hakuna aliyetoka na hata kiberiti kabla ya kuulizwa hali ya watu wake wote. Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko foleni.

Alipomaliza alishusha koti zito la sufu, jeusi, kutoka msumarini.

"Siuzi hili, na sikupi. Nakuazima. Ukishakuwa mtu, unirudishie."

"Mimi ni mtu tayari, Mzee."

"Mtu ana koti."

Basi, nikawa na wa tatu katika orodha ya watu wa kuwaonyesha.

Kazi niliipata, tena hospitalini, tena kwa diploma ile ile ya kufungia maandazi. Nafasi ilikuwa ya msaidizi wa wataalamu wa tiba ya viungo katika wadi ya wagonjwa mahututi. Waliokuja kuhojiwa siku hiyo walikuwa wengi, wengine na shahada zao. Mama mmoja mrefu, mwenye nywele fupi za mvi, ndiye mkuu wa kitengo. Alikuja kazini kila siku kwa treni kutoka Sutton Coldfield na hakuwa mtu wa maneno. Aliniuliza: mgonjwa amelala kitandani muda mrefu, hataki kuinuka, utafanyaje? Nikamweleza juu ya vijana wa bodaboda niliowahudumia hospitali ya Voi. Mguu unaingia kwenye plasta ukiwa mguu, unatoka ukiwa fimbo. Mwenyewe akiuona anaogopa kuukanyaga, anadhani si wake. Nilimwambia siku zote mimi huanza kwa kumfahamisha mtu na mguu wake upya. Aliandika kitu, akaniuliza ninaweza kuanza lini.

Nilimpigia simu shemeji jioni hiyo hiyo. "Nimeitwa," nikamwambia. Hakunielewa, nikamwacha hivyo hivyo.

Katika wadi ile nilikuta plasta ambayo sikuwahi kuiwaza. Watu wengi hudhani mashine ya kupumulia ni rafiki mtupu wa mgonjwa. Ni rafiki kweli, na bila hiyo wengi wangezikwa. Lakini kuvuta pumzi ni kazi ya msuli, na msuli mkuu ni kiwambo, kile kifuniko chembamba kinachotenga kifua na tumbo. Kiwambo kikijikaza hushuka, kifua kikapanuka, hewa ikaingia, kama unavyovuta mpini wa bomba la sindano. Hufanya kazi hiyo tangu tunapozaliwa na hakipewi likizo. Sasa ikija mashine ikasukuma hewa yenyewe, kiwambo hukaa bure. Na kikikaa bure hakingoji miezi kama mguu wa bodaboda. Siku chache tu kinaanza kunywea. Ugonjwa uliompeleka mtu kwenye mashine unaweza kupona kabisa, mapafu yakasafika, na bado mtu akashindwa kuiacha mashine kwa sababu kifuniko kimekuwa fimbo.

Dawa yake ni mazoezi, lakini mazoezi ya kupimwa. Ukimwachia mgonjwa mashine ifanye yote, msuli unakwisha. Ukimwondolea ghafla, msuli unachoka, na msuli wa kupumua ukichoka huwezi kuuambia ukae chini upumzike, kwa sababu hewa inahitajika sasa hivi. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na kumpitisha mtu humo ndiyo kazi niliyojifunza Birmingham. Nilijifunza vizuri. Mkuu wangu hakuwa mwepesi wa kusifu, lakini madaktari wapya walipokuja aliwatuma kwangu waone jinsi ya kumkalisha kitini mgonjwa mwenye mirija bila kuvuta hata mmoja.

Majira ya baridi ya pili, miaka michache kabla dunia nzima haijaijua mashine hiyo kwa sababu ya korona, niliingia kazini asubuhi na kumkuta Mzee wa koti kitanda cha dirishani, yuko kwenye mashine.

Nimonia ilikuwa imemwangusha dukani. Nilimtambua kwa ndevu. Nilimwambia mkuu wangu papo hapo kwamba namfahamu mgonjwa yule, nina koti lake. Akaniuliza kama nitaweza kufanya kazi naye. Nikajibu kwamba hakuna atakayeweza zaidi yangu.

Nimonia ilipona. Ilichukua wiki, na katikati yake walimtoboa tundu dogo kooni wakaupitisha mrija wa mashine hapo, ili mdomo uwe huru. Kila mmoja alifurahi. Picha ya mapafu ilikuwa safi. Kilichobaki ni kumzoesha kuiacha ile mashine: kila mchana tuliitoa kwa muda, tukamwekea kwenye mrija vali ndogo ya plastiki iliyomwezesha kutoa sauti, akapumua mwenyewe. Lengo lilikuwa aanze kwa muda mfupi, kisha saa, kisha kutwa, kisha usiku na mchana.

Hakufika popote. Leo angekaa kidogo bila mashine, kesho pungufu ya jana. Kila mara ilikuwa vile vile: jasho kwenye paji la uso, mabega yakipanda, pumzi fupi fupi kama za mtu aliyepanda mlima akikimbia, halafu tunamrudisha. Wakapima damu, moyo, chumvi za mwili. Hakuna kitu. Wiki mbili zikapita hivyo, na daktari bingwa akawaita watu wa nyumbani kwake. Nilikuwepo. Alieleza kwa upole kwamba wako watu ambao kiwambo chao hakirudi, na kwamba ziko hospitali za mbali zinazowatunza wanaoishi na mashine. Angemwangalia wiki moja zaidi.

Binti yake, aliyezaliwa Birmingham na aliyetujibu wote kwa Kiingereza hata tulipomsemesha Kiswahili, aliniuliza kwenye korido kama arudishe funguo za duka kwa mwenye jengo. Nilimwambia asubiri. Nilikwenda kumtazama Mzee. Alikuwa amesikia yote. Alinionyesha kwa kidole ukosi wangu, kisha begani, akainua nyusi: koti liko wapi?

"Nyumbani, Mzee. Bado sijawa mtu."

Akafumba macho, lakini mdomo ulicheka.

Sasa nitasema jambo nililoliona mimi, na sitajifanya kwamba lingeonwa na yeyote. Saa ya kuachishwa mashine ilikuwa ndiyo saa ya wageni. Wauguzi walipanga hivyo makusudi, kwa nia njema, wakifikiri watu wake watamtia moyo. Na watu wake walikuja, wallahi. Wadi iliruhusu wawili wawili kitandani, basi waliingia wawili, wakatoka, wakaingia wawili, na korido ilijaa kanzu, mitandio, na chupa za chai ambazo hazikuruhusiwa. Kiongozi wao alikuwa binamu yake, mtu mnene aliyekuja kutoka Uholanzi kwa ajili ya ugonjwa ule, na ambaye alipanga zamu za wageni kama karani wa forodha.

Mchana mmoja nilikuwa namrekebishia mito, mkono wangu umebaki juu ya tumbo lake. Akaingia kinyozi wa Kikongo, jirani wa duka.

"Jambo Papa! Habari ya siku mingi?"

"Nzuri," Mzee akasema kwa ile sauti nyembamba ya vali. "Habari yako?"

"Mimi niko. Muili inaendelea?"

"Alhamdulillahi. Bibi hajambo?"

"Hajambo sana. Anakusalimia."

"Na watoto?"

Hapo nilihisi kitu chini ya kiganja. Mtu mwenye kiwambo kizima akivuta pumzi, tumbo huinuka. Tumbo la Mzee lilikuwa linainuka alipoanza "Nzuri." Kufika kwa bibi lilikuwa limetulia. Kufika kwa watoto, kifua kilipanda na tumbo likazama ndani, kinyume. Kiwambo kilikuwa kimekata tamaa na shingo ndiyo inavuta hewa. Na kinyozi alikuwa hajaulizwa bado juu ya saluni.

Nilitazama korido. Zilikuwa salamu za watu wote wale, na kila mmoja alistahili kuulizwa mke, watoto, wazazi na safari. Kisha dua, ambayo Mzee aliitikia amina kila kituo. Kisha simu zikatolewa, Garissa mstarini, Amerika mstarini, wote wanataka kusikia sauti. Wenzangu walisikia mazungumzo mazuri ya familia katika lugha wasiyoijua. Mimi nilisikia mtu akibebeshwa magunia. Na hakuna wa kulaumiwa: huwezi kumfunza mtu wa Garissa kumwona mgeni kitandani kwake asimwulize hali ya watoto, hata kama pumzi aliyobaki nayo ni moja. Hiyo moja ataitumia kuuliza.

Nilimfuata mkuu wangu nikamweleza. Alisikiliza amesimama.

"Wanaongea kwa muda gani?"

"Hawaongei. Wanasalimiana. Maongezi hawajayafikia."

Kesho yake aliagiza Mzee aachishwe mashine asubuhi, kabla ya wageni, nasi tukae kimya. Alikaa mara mbili ya muda aliowahi kukaa. Jasho halikuonekana. Mimi nilikuwa tayari kusema tuwafungie mlango wageni wote mpaka atembee, nikasema. Mkuu akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Kusema ni zoezi zuri la kupumua. Tatizo ni kipimo. Wewe ndiye unayejua uzito wa kila neno. Nipangie kipimo."

Ndivyo nilivyokuwa, kwa agizo rasmi, mpimaji wa salamu. Sijui kama yuko mwingine duniani mwenye cheo hicho.

Asubuhi Mzee alivuta pumzi kupitia kifaa kidogo chenye springi, pumzi chache za nguvu, springi tukiikaza kidogo kila baada ya siku kadhaa. Kisha mapumziko na mashine. Mchana, salamu. Siku ya kwanza mgeni mmoja na salamu moja: anaulizwa hali, anajibu, basi. Hakuna kurudisha.

Mzee alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Nisirudishe?"

"Usirudishe, Mzee."

"Mtu amekuja kutoka mbali…"

"Atajieleza mwenyewe. Wewe sikiliza."

Vita vyenyewe vilikuwa mlangoni. Binamu alifika na watu wake na kunikuta nimesimama na sare yangu.

"Leo anaingia mmoja," nikasema. "Asiulize kitu ila hali yake. Halafu atoe habari zote yeye: mke wake, watoto wake, kazi, mvua, kila kitu, bila kungoja kuulizwa. Mzee atatikisa kichwa."

"Wewe ni nani hapa?" binamu akauliza.

"Mimi ndiye ninayeshika tumbo lake akipumua."

"Daktari?"

"Nina diploma."

"Diploma!" Aliwageukia wenzake. "Kijana wa Kitaita, Mkristo, na diploma yake, atatufundisha kumjulia hali mgonjwa wetu! Hata maiti anasalimiwa!"

"Ndiyo, na maiti hajibu," nikasema. "Mkitaka awajibu mwaka ujao, leo asijibu."

Nilijua nimevuka mpaka, lakini nilikuwa na haki na sikurudi nyuma. Nikamwita binamu aingie yeye, mmoja, na nikamwekea kiganja chake juu ya tumbo la ndugu yake, wangu juu yake. "Msalimie," nikamwambia. Akamsalimia. Mzee akajibu, na kwa ukaidi wake akarudisha, akauliza habari za Uholanzi, akauliza watoto. Nilimwacha makusudi. Kwenye watoto binamu aliuhisi mkono wake ukizama.

Akanitazama. "Ni hilo?"

"Ni hilo."

Alitoka kwenye korido, na kuanzia siku ile hakuna askari wa mpakani aliyekuwa mkali kama yeye. Alisimama mlangoni akiwafunza watu: "Ingia, toa habari zako kama redio, usingoje kuulizwa, toka. Wewe, mwanao amefaulu mtihani? Anza na hilo, lisije likamponyoka akauliza." Wanawake walikuja wamezipanga habari zao vichwani. Kinyozi wa Kikongo alisimulia saluni nzima, mteja mmoja mmoja, na Mzee akatikisa kichwa, machozi yakimtoka kwa kujizuia.

Kisha tulianza kuongeza. Kwanza ajibu na kurudisha. Kisha mke. Siku aliyoruhusiwa kufika kwa watoto, alimwuliza mgeni watoto wake mmoja mmoja kwa majina, polepole, kama mtu anayekula tunda. Kiganja changu kilikuwa tumboni na tumbo liliinuka mpaka mwisho. Wauguzi wa Kiingereza walianza kuniuliza asubuhi: "Leo yuko wapi?" Nami nawajibu: "Leo yuko kwa wakwe." Mkuu wangu aliandika hivyo hivyo kwenye ubao, na daktari bingwa alipopita akauliza maana yake, akaelezwa, akacheka peke yake hadi kitanda cha pili. Habari za kumpeleka mbali hazikutajwa tena.

Sitaki kusema kwamba salamu zilimponya. Ile springi ilifanya kazi yake, wauguzi walifanya yao, na kiwambo chenyewe kilikuwa cha mtu mkaidi. Lakini siku alipotimiza kutwa na usiku bila mashine, daktari bingwa alinishika mkono mbele ya wote. Mke wangu, aliyekuwa zamu orofa ya chini, alipanda kushuhudia. Jioni hiyo nilipika ugali, nikaupiga picha, nikamtumia shemeji.

Mzee alirudi dukani kabla jua halijaanza kupata joto. Nilikwenda na koti lake, nimelipeleka kwa dobi, limekunjwa kwenye mfuko. Alilisukuma juu ya kaunta.

"Umeniponya, sawa. Hiyo ni kazi yako, unalipwa. Nilisema ukiwa mtu. Una nini chako?"

"Nitakuwa na chumba changu Voi, chenye kibao."

"Basi nitalichukua chini ya kibao."

Aliyasema akiwa na sauti ya kawaida, akiwa amebeba gunia la mchele mkononi. Sikuwa na hasira. Nilitoka nikiwa nimelivaa.

Mwaka uliofuata mkataba wa mke wangu uliisha, mama yake alikuwa anazeeka, na mimi nilikuwa na akiba na mpango. Tulirudi. Nilikodi chumba karibu na barabara ya Taveta, nikanunua vitanda, nikapandisha kibao. Siku ya kukifungua niliwaita wote walioniazima. Shemeji alikuja, mjomba alikuja. Mzee alikuwa Nairobi kwa arusi ya mpwa wake, akasema atapanda treni.

Nilikwenda kumpokea stesheni mpya, ile yenye ngazi nyingi. Nilisimama chini nikamtazama akishuka, na alipofika katikati akakumbuka mfuko aliousahau juu, akageuka akapanda tena. Sikumsaidia. Nilitazama shingo yake: imetulia. Nilitazama mabega: yako chini. Hakuna mtu stesheni ile aliyekuwa anatazama ngazi zikipandwa kwa fahari kama niliyokuwa nayo mimi.

Chini ya kibao, mbele ya majirani, nilimwita shemeji nikampa suti yake, imepigwa pasi, na juu yake suti mpya ya Birmingham. Alihesabu vifungo palepale mbele ya watu, na vyote vilikuwepo. Nilimpa mjomba sanduku lake. Aliliinua, likamlemea, akalitua. Ndani nilikuwa nimeweka viatu, redio, blanketi, na juu kabisa maandazi niliyopika mimi mwenyewe, yamefungwa kwenye nakala ya diploma yangu.

Mjomba alisoma karatasi yote kabla ya kula. "Ina mafuta," akasema.

"Kula tu, Mjomba. Nyingine iko ukutani."

Kisha nikamletea Mzee koti. Jua la Voi lilikuwa limesimama wima, mbwa wamelala kivulini, naye akalivaa. Akalifunga kifungo hadi kifungo, akafika cha tatu, akasimama.

"Hiki si changu."

"Cha kwako kilipotea kwenye basi la kwenda mjini. Hicho ni bora."

"Changu kilikuwa cha pembe. Hiki cha plastiki."

"Mzee, mbele za watu?"

Akacheka, na kicheko kilitoka chini, kutoka pale pale nilipokuwa nikiweka kiganja, kikaenda mpaka mwisho bila kukohoa. Halafu, na koti lake juani, akawageukia watu wangu na kuanza. Alimsalimia mjomba, akauliza mke, watoto, mashamba, mvua, mguu ulioumia zamani ambao mimi ndiye niliyemtajia. Akaenda kwa shemeji, mama yake, kazi yake, dada yake. Akaenda kwa majirani mmoja mmoja, hakumruka hata mtoto aliyebebwa mgongoni. Chakula kilipoa. Mjomba alinisogelea akaninong'oneza, "Huyu mzee wako hachoki?"

"Hachoki," nikasema. "Nimempima mwenyewe."